Nchi Isiyo na Watu: Maneno juu ya Picha za Ayalandi

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kukuta humu habari za methali, za majina ya koo, na za desturi za arusi na matanga. Leo naomba ruhusa yao ninene juu ya picha. Na picha zenyewe si za kwetu, bali za Ayalandi, kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Huenda mtu akauliza, Picha za ng'ambo zina uhusiano gani na lugha na desturi? Nitajitahidi kuonyesha ya kuwa uhusiano upo, na ni mkubwa. Maana picha ya nchi nayo hunena. Na kama ulimi ulivyo, yaweza kunena kweli, na yaweza kunena nusu ya kweli.

Sababu ya kuzijua kwangu picha hizi ni hii. Nilipokuwa mtoto katika shule ya misioni, mmoja wa mapadre wetu alikuwa mtu wa Ayalandi, kama walivyokuwa wengi waliofanya kazi katika Kenya. Ofisini mwake ilitundikwa picha moja kubwa: mlima wa rangi ya buluu, ziwa tulivu, mawingu meupe yaliyorundikana kama pamba, na chini kabisa nyumba mbili tatu zilizopakwa chokaa na kuezekwa majani. Sisi tulioitwa mle kwa makosa yetu tuliikazia macho picha ile ili tusiutazame uso wake. Hata siku moja, adhabu ilipokwisha, nilipata ujasiri nikamwuliza, "Padre, wenye nyumba hizi wako wapi?" Akaitazama picha kitambo, akasema, "Walikwenda Amerika," kisha akaniamuru nirudi darasani.

Nilidhani ni mzaha. Baada ya miaka mingi, nilipoanza kusoma habari za wachoraji, nilitambua ya kuwa picha ile ilikuwa nakala ya kazi ya Paul Henry, na ya kuwa jibu la Padre halikuwa mzaha hata kidogo.

MCHORAJI NA KISIWA CHAKE

Paul Henry alizaliwa katika mji wa Belfast mwaka 1876, mwana wa mchungaji wa Kibaptisti. Alianza kujifunza kuchora kwao, na mwaka 1898 akaenda Paris. Huko alipata mafundisho ya James McNeill Whistler, Mmarekani aliyesifiwa kwa kujua kupatanisha rangi chache. Tena alizipenda kazi za Jean-François Millet, Mfaransa aliyechora wakulima walioinama katika mashamba yao. Mambo haya mawili, rangi chache na mkulima aliyeinama, na tuyaweke akilini, maana hatimaye moja lilimshinda mwenziwe.

Mwaka 1910 Henry alikwenda Achill, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo kandokando ya Ayalandi, katika kaunti ya Mayo, upande wa magharibi. Alikusudia kukaa majuma mawili tu. Mwenyewe alisimulia uzeeni ya kuwa aliipenda nchi ile hata akairarua tikiti yake ya kurudia, akaitupa baharini. Yeye na mkewe Grace, ambaye naye alikuwa mchoraji, wakawa wenyeji wa kisiwa kile hata mwaka 1919.

Picha za miaka ile ya kwanza zina watu, na watu wenyewe wana kazi mikononi. Katika picha iitwayo Launching the Currach, ya mwaka 1910 au 1911, wanaume wanaisukuma mashua majini. Mashua hiyo ni ya mbao nyembamba zilizofunikwa turubali na kupakwa lami. Ni nyepesi, na wimbi la magharibi ni kubwa. Mchoraji hakutupa nyuso za kutazama. Ametupa migongo na mikono, na nguvu ya watu wengi iliyokuwa nguvu moja. Mtu aliyelelewa pwani yetu aielewa mara moja, maana ameona jahazi likishushwa. Wahenga walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Na katika picha hii twaona kiungo kati ya kuundwa na kuelea, ndio msukumo wa mabega.

Kadhalika katika The Potato Diggers, ya mwaka 1912, tunawaona wanawake wakichimba viazi chini ya mbingu kubwa. Hapa Millet anaonekana dhahiri. Lakini si mwigo mtupu, kwa kuwa kiazi katika Ayalandi si chakula tu. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliyaharibu mazao ya viazi, na hata mwaka 1852 watu wapatao 1,000,000 walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya 1,000,000 wameihama nchi. Basi mwanamke anayechimba viazi katika Achill anachimba mahali pale pale walipozikwa jamaa zake wakubwa waliovikosa. Picha haisemi neno hili kwa sauti. Lakini mwenye kujua habari hulisikia.

Hizi mbili ndizo ninazozihesabu kuwa kazi bora za Henry. Zote mbili sasa zimo katika Jumba la Taifa la Picha mjini Dublin. Lakini sizo zilizompatia jina duniani.

MLIMA UNABAKI, WATU WANATOWEKA

Baada ya kuhamia Dublin, Henry aliendelea kuichora nchi ya magharibi, lakini watu wakapungua katika picha zake mwaka kwa mwaka, hata wakatoweka. Zikabaki nyumba nyeupe, marundo ya udongo mweusi unaokatwa matopeni na kukaushwa kwa kuwashia moto, maji, mlima wa buluu, na juu yake mawingu yanayoshika nusu ya picha au zaidi. Katika miaka ya 1920 kampuni moja ya reli, London Midland and Scottish, iliichukua picha yake ya nchi iitwayo Connemara ikaifanya tangazo la kuvuta wasafiri. Nakala zake zilitundikwa katika vituo vya reli, zikanunuliwa na kupelekwa mbali. Tangu hapo watu wengi sana wasiopata kukanyaga Ayalandi wanapolisikia jina lake huona picha ya Paul Henry.

Sina budi kukiri uzuri wake. Katika picha kama Dawn, Killary Harbour, ya mwaka 1922 na 1923, rangi ni chache mno, na kwa uchache ule twahisi kimya cha alfajiri na baridi ya maji. Kazi ya namna hii haifanyiki kwa bahati. Ni elimu ya Whistler iliyopandwa katika udongo wa magharibi, ikamea. Atakayesema Henry hakujua kuchora ajitazame mwenyewe kwanza.

Walakini na tulitazame jina lililoandikwa katika tangazo lile. Connemara ni matamshi ya Kiingereza ya maneno Conmaicne Mara. Conmaicne ni kabila, uzao wa Conmac, ambaye masimulizi ya kale yanamtaja kuwa mwana wa malkia Medb na shujaa Fergus mac Róich. Mara ni neno lenye maana ya "wa bahari". Basi jina la nchi ile si jina la mlima wala la ziwa. Ni jina la watu: Wana wa Conmac walio kando ya bahari. Na picha iliyolitangaza jina hilo duniani kote haina mtu hata mmoja.

Hapo ndipo ninaposhika neno langu. Simlaumu mchoraji kwa kuchora mlima. Nasema ya kuwa picha ile, kwa kurudiwarudiwa, imeufundisha ulimwengu kuipenda nchi bila kuuliza habari za wenyewe. Kimya cha nyumba zile kimehesabiwa kuwa ni amani. Kumbe nyumba iliyo kimya ina sababu yake.

WALIKOKWENDA WENYE NYUMBA

Mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu zaidi ya 8,000,000. Mwaka 1911, Henry alipokuwa Achill, walibaki kama 4,400,000. Waliobaki Achill hawakuweza kuishi kwa mashamba yao ya mawe. Kila mwaka, vijana kwa wasichana, walivuka bahari kwenda Uskoti kuchimba viazi vya watu wengine, wakalala katika mabanda, wakarudi na fedha ya kulipa kodi ya ardhi na deni la duka.

Tarehe 14 Juni 1894 mashua moja iliwachukua wavunaji wa namna hii kutoka Achill kwenda bandari ya Westport, ambako meli iliwangoja. Walipokaribia, wengi walikimbilia upande mmoja wa mashua ili waitazame meli ile kubwa. Mashua ikapinduka, wakafa maji watu 32. Wakati huo reli ya kufika Achill ilikuwa haijafunguliwa bado kwa wasafiri. Garimoshi la kwanza kufika lilileta maiti. Tena mwezi wa Septemba 1937, katika mji wa Kirkintilloch huko Uskoti, banda walimolala wavunaji liliungua, wakafa vijana 10 wa Achill. Nao walirudishwa kwa garimoshi. Na mwaka ule ule reli ya Achill ikafungwa. Watu wa magharibi husimulia ya kuwa mwaguzi wa zamani aitwaye Brian Rua alikwisha kutabiri magari ya magurudumu ya chuma, yenye moshi na moto, yatakayobeba wafu safari ya kwanza na safari ya mwisho. Wafu wa mara ya kwanza na wa mara ya pili wamezikwa mahali pamoja, katika makaburi ya Kildavnet.

Sasa msomaji ayaweke mambo haya mawili pamoja. Kampuni ya reli inatangaza nchi nyeupe na buluu, tulivu, isiyo na mtu, kwa wageni wanaotafuta mapumziko. Na reli nyingine, katika nchi hiyo hiyo ya magharibi, inawachukua wenyeji kwenda kutafuta riziki, na mara mbili inawarudisha wamekufa. Wa kwanza wanakuja kutazama uzuri wa mahali patupu. Wa pili ndio sababu ya mahali kuwa patupu. Picha imeonyesha nusu moja tu.

HOJA ZA KUMTETEA

Haki yataka tumsikilize na upande wa pili. Kwanza, watu wa Achill wengi wao hawakupenda kuchorwa. Henry alipata taabu nyingi kwa ajili hiyo, na huenda ni sababu mojawapo iliyomgeuza kuelekea mlima, ambao haukatai. Jambo hili twapaswa kuliheshimu. Mtu ana haki juu ya sura yake, na mchoraji anayeacha kumchora asiyetaka amefanya adabu. Lakini hoja hii haitoshi kueleza yote. Maana mtu akikataa kuchorwa, kazi ya mikono yake haikukataa: jembe lililoegemezwa ukutani, nguo zilizoanikwa, njia iliyokanyagwa, moshi wa jikoni. Katika picha nyingi za baadaye hata hivi ni haba. Nyumba zimekuwa kama mayai meupe yaliyotagwa na mlima.

Pili, yawezekana utupu ule ni maombolezo, na mchoraji alikusudia tuhisi walivyoondoka. Hoja hii naipenda zaidi, na mbele ya picha chache naikubali. Lakini matanga yana jina la marehemu. Mtu hawezi kulia matanga ya nani asijue. Picha iliyotoka mkononi mwa mchoraji ikiwa na huzuni, ilipofika kituo cha reli haikuwa na huzuni tena, ikawa mwaliko. Na baada ya wanunuzi kuipenda, Henry aliirudia tena na tena, nyumba zile zile na wingu lile lile. Mchoraji si karani wa hesabu ya watu. Hatumtaki atoe idadi. Lakini alikuwa amewaona wakisukuma mashua, akawachora vizuri kuliko wote. Ndiyo maana twamdai.

WATU KAMA MAUA

Mtu akisema, Basi dawa ni kuwatia watu katika picha, namwambia aitazame kwanza kazi ya John Hinde. Huyu alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1916, akaanzisha kampuni yake ya kadi za posta Ayalandi mwaka 1956. Kadi zake zilienea mno. Moja iliyojulikana kuliko nyingi ina watoto wawili wenye nywele nyekundu na punda aliyebebeshwa vikapu vya udongo ule wa kuwashia moto. Rangi zake ziliongezwa wakati wa kupiga chapa, hata mbingu ikawa buluu kuliko mbingu na majani yakawa kijani kuliko majani. Mahali palipokuwa na kitu asichokipenda aliweka mbele yake tawi la maua, na inasimuliwa ya kuwa alichukua msumeno garini kwa kazi hiyo.

Hapa watu wamo, lakini wamewekwa kama lile tawi la maua. Nguo zimelinganishwa na mlima, nywele zimelinganishwa na mzigo. Twawaona wote, wala hatujui lolote juu yao. Kwa hiyo kuwako kwa watu si kutosha. Kwa Henry watu hawapo, na kukosekana kwao kwaweza kumfanya mtoto aulize swali, kama nilivyouliza mimi. Kwa Hinde hata swali halizaliwi, maana kila kitu kinacheka.

PADRE MWENYE KAMERA

Kuna njia ya tatu, nayo ilishikwa na mtu wa kanisa. Francis Browne alizaliwa katika mji wa Cork mwaka 1880, akalelewa na ndugu wa baba yake aliyekuwa askofu. Mwaka 1897 askofu huyo alimpa kamera. Browne akawa Mjesuiti, na mwezi wa Aprili 1912, kabla ya upadrisho wake, alisafiri katika meli Titanic kutoka Southampton hata Queenstown, bandari ya Ayalandi. Rafiki zake wa melini walitaka kumlipia safari mpaka Marekani. Mkuu wa shirika lake akamwamuru ashuke. Akatii, akashuka na picha zake, na meli ikaenda kuzama. Kwa picha zile jina lake lilienea. Kisha alikuwa padre wa askari katika vita ya 1914 hata 1918, na katika miaka iliyofuata alizunguka Ayalandi akihubiri, na kila alipokwenda alipiga picha.

Alifariki mwaka 1960, na habari za picha zake zikasahauliwa. Mwaka 1985 Mjesuiti mwenzake alifungua sanduku akakuta filamu zake, picha zipatazo 42,000, nyingi zikiwa zimeandikwa mahali na tarehe. Humo wamo wavuvi, wahunzi, watoto wa shule, watu wa mnadani, wanawake kazini. Si zote zilizo nzuri kwa macho. Mlima wake haushindani na mlima wa Henry. Lakini mtu aliyemo katika picha ya Browne anashughulika na jambo lake mwenyewe, hakuwekwa pale kwa ajili yetu. Na pembeni yake imeandikwa mahali gani na lini. Kwa kuandika tu maneno hayo machache, Padre amemtoa mtu yule katika kundi la mapambo akamtia katika kundi la mashahidi.

JINA NA HADITHI

Wasomaji wanaofuata mambo ya lugha watafurahi kujua ya kuwa Waayalandi wenyewe walikuwa na elimu ya kale ya jambo hili. Iliitwa dindshenchas, yaani elimu ya asili ya majina ya mahali. Kila kilima, kivuko na bwawa lilikuwa na hadithi ya kueleza jina lake, na mtu hakuhesabiwa kuwa mshairi kamili bila kuzijua. Hadithi hizi, kwa nathari na kwa mashairi, zimehifadhiwa katika vitabu vya kale kama Kitabu cha Leinster, kilichoandikwa katika karne ya 12. Walioandika walikuwa watu wa kanisa. Katika kitabu hicho hicho, mwishoni mwa hadithi kuu ya vita vya malkia Medb, mwandishi aliongeza maneno mawili: kwa lugha ya kwao alimbariki kila atakayeihifadhi hadithi kwa uaminifu bila kuigeuza, na kwa Kilatini akasema ya kuwa mambo mengine yaliyomo yeye haamini. Huyo ni ndugu yetu katika kazi. Hakuamini kila neno, wala hakuchoma, aliandika.

Baadaye, ramani ya Ayalandi ilipopimwa na serikali ya Kiingereza kuanzia mwaka 1824, majina yaliandikwa kwa maendelezo ya Kiingereza, na maana yake ikafichika. Aliyeokoa mengi ni mtaalamu John O'Donovan, aliyezunguka akiwauliza wazee jinsi wanavyotamka majina ya kwao na asili yake.

Nitatoa mfano mmoja wa jinsi jina linavyoifufua picha. Karibu na Knockbridge, katika kaunti ya Louth, kuna jiwe refu limesimama kondeni. Wapiga picha huliendea jioni, jua likizama nyuma yake. Pasipo jina ni jiwe tu, na picha ni ya jua. Lakini kwa Kiayalandi laitwa Cloch an Fhir Mhóir, Jiwe la Mtu Mkubwa. Na hadithi husema ndipo alipofia shujaa Cú Chulainn, adui mkuu wa malkia Medb. Alipojua ya kuwa jeraha lake ni la kufa, alijifunga kwenye jiwe ili afe amesimama. Maadui zake wakaogopa kumkaribia, mpaka walipoona kunguru ametua begani mwake. Mchonga sanamu Oliver Sheppard alilifanya tukio hili kuwa sanamu kati ya mwaka 1911 na 1912. Na mwaka 1935 sanamu yake ya shaba iliwekwa katika Posta Kuu ya Dublin kuwa kumbukumbu ya walioinuka pale kupigania uhuru mwaka 1916. Hapo mwone jinsi hadithi moja ilivyoshikana na jiwe, na jiwe na jina, na jina na taifa. Atakayepiga picha ya jiwe lile asitaje jina, amekata uzi huo wote kwa mkono mmoja.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisije nikaonekana nawahukumu watu wa mbali, nitasema na habari yangu. Miaka kadhaa iliyopita kanisa la kigango chetu lilitimiza jubilei, nami nikaombwa nipige picha ya kutia katika kitabu cha kumbukumbu. Nilitaka kanisa lionekane safi, na kilima nyuma yake. Mbele walikuwako kina mama na madebe ya maji, wameketi kivulini. Nikawasihi kwa heshima wasogee kando, wakasogea. Bibi mmoja mzee akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, sisi ndio tuliochota maji ya kujengea kanisa hilo." Nikamjibu, "Shikamoo, bibi. Nitawapiga ninyi baadaye." Sikuwapiga baadaye; watu wakatawanyika, jua likachwa.

Bibi yule amekwisha kufariki. Picha ingaliko, imetundikwa ofisini, ni safi sana. Kila niionapo nakumbuka ya kuwa hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa na kampuni ya reli nyuma yangu, wala wanunuzi. Nilikuwa na jicho lililofundishwa na picha nilizozitazama tangu utoto, likaamini ya kuwa nchi hupendeza ikiondolewa watu.

Basi kwa walimu na mapadre wenzangu, ambao leo kila mmoja ana kamera mkononi kuliko alivyokuwa nayo Padre Browne, nashauri mambo matatu. La kwanza, kabla hujamwondoa mtu mbele ya kamera, mwulize yeye ni nani mahali pale; na asiyetaka kupigwa mwache, lakini uiache kazi yake ionekane. La pili, andika nyuma ya picha mahali, siku, na majina ya watu kwa idhini yao. La tatu, andika jina la mahali kama wazee wanavyolitamka, na maana yake wanavyoieleza, hata kama wewe huiamini, kwa mfano wa yule mwandishi wa Kitabu cha Leinster. Na tunapoonyesha darasani picha ya nchi yoyote, ya ng'ambo au ya kwetu, tuwafundishe watoto kuuliza kwanza, Wenyewe wako wapi?

Picha ya Paul Henry ningali naipenda. Kama ningeirithi ile ya ofisini kwa Padre ningeitundika hata leo. Lakini chini yake ningeandika kwa wino: Conmaicne Mara, Wana wa Conmac walio kando ya bahari, wengi wao walikwenda Amerika, na wengine walikwenda Uskoti kuchimba viazi.